Nilichoma Kitovu cha Mjukuu Wangu

Nina miaka sabini na mitatu. Naishi peke yangu Rexdale, Toronto, ghorofa ya kumi na moja, kwenye apatimenti ya vyumba viwili. Chumba kimoja nimekifunga kwa ufunguo kwa sababu sitaki kukiona. Shule niliishia darasa la nne kule Mgeta, milimani Uluguru, kwa hiyo mkikuta mwandiko umekaa vibaya mnisamehe. Lakini haya ninayoyaeleza yametokea kweli, na niliyeyafanya ni mimi.

Msinionee huruma. Someni tu.

Mwanangu wa pekee, Erasto, alinivuta Kanada mwaka elfu mbili, baada ya baba yake kufariki. Alikuwa akifanya kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, anakaa Weston na mke wake aliyekuwa mjamzito. Picha aliyonitumia ya huyo mke ilikuwa moja tu, kavaa kofia ya baridi mpaka kwenye nyusi. Nilidhani Mchina!

Nilipofika nikamwona vizuri. Mrefu, nywele nyeusi zimeshuka mpaka kiunoni, mpole, anacheka kwa macho. Jina lake Dorine. Nikamvuta Erasto jikoni nikamwuliza, huyu ni mtu wa wapi?

Erasto akacheka. "Mama, huyu ndiye mtu wa hapahapa. Wageni ni sisi wengine wote."

Ndipo akanieleza. Dorine alikuwa mtu wa asili wa nchi hii, Mwojibwe, kwao kaskazini, safari ya basi ya siku nzima na zaidi. Lakini hakulelewa kwao. Alipokuwa na miaka miwili maofisa wa serikali walifika nyumbani kwa mama yake wakamchukua, wakampa Wazungu wa Mississauga wamlee. Hawakumchukua yeye peke yake, walichukua watoto wengi wa watu hao. Mama yake alimtafuta miaka zaidi ya ishirini. Walikuwa wameonana tena juzijuzi tu, miaka mitatu kabla sijaja.

Nililia niliposikia. Nilisema, serikali gani hiyo inamnyang'anya mama mtoto wake? Wasomaji wangu, kumbukeni kwamba nililia. Kumbukeni kwamba nilijua!

Januari Dorine akajifungua mtoto wa kike. Nikampa jina Nuru, maana alizaliwa theluji imeziba madirisha. Siku ya tatu bibi mwenzangu akafika kutoka kaskazini, mama yake Dorine, jina lake Agnes. Mwanamke mfupi, mikono mikubwa, nywele za mvi kazisuka mkia mmoja. Kiingereza changu kilikuwa cha kuomba maji, na yeye alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini tulielewana! Nilipika maandazi, akaonja, akapiga makofi, akamwita Erasto atafsiri. Kumbe na wao wana mkate wao wa kukaanga kwenye mafuta, na alisema wangu ni mzuri ila nimesahau chumvi. Kesho yake akakaanga wa kwake. Nikamwambia Erasto amwambie kuwa wa kwake ungefaa kuzibia tundu la paa. Agnes alicheka mpaka akashika ubavu.

Alikaa wiki mbili. Maneno ya Kiswahili aliyoondoka nayo ni mawili, "mtoto" na "njoo".

Kitovu cha Nuru kilikatika siku ya sita. Mnajua kwetu kitovu ni kitu gani. Hakitupwi, hakiachwi ovyo, mtu mwenye nia mbaya akikipata amempata mtoto. Nilikitafuta kwenye nepi, kwenye shuka, chini ya kitanda… sikukiona. Nilimwuliza Dorine kwa ishara akanijibu maneno ambayo sikuyaelewa, akatabasamu. Nikadhani wamekitupa, ndivyo watu wa huku walivyo. Nikanyamaza, nikaumia moyoni.

Mtoto alipotimiza mwaka, Agnes alituma kifurushi. Ndani yake kulikuwa na kobe mdogo wa kuingia kwenye kiganja, kashonwa kwa ngozi laini, mgongo wote umejaa shanga za bluu na nyekundu na nyeupe, na katikati msalaba wa njano. Dorine akamtundika juu ya kitanda cha mtoto. Nilimwona ni pambo. Nuru alikuwa akilala huku kamshika mguu.

Miaka minne tuliishi vizuri. Dorine alikuwa akifua mashuka ya hospitali, mimi nalea. Halafu ikaja ile asubuhi ya Februari. Dorine alikuwa amesimama kituo cha basi, barabara ina barafu, gari likateleza likapanda pale waliposimama watu. Wenzake wawili waliumia. Yeye alikufa palepale…

Sitaeleza mazishi. Agnes alikuja, akakaa nami kwenye kochi siku nne, mkono wake juu ya goti langu. Kabla ya kuondoka alimwambia Erasto kwamba kiangazi kikifika angependa Nuru aende kaskazini akae naye miezi miwili, awajue watu wake, aione nchi yake, halafu arudi.

Erasto akaniangalia mimi. Nikasema, tutaona.

Mimi ni Mluguru. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, hilo halina mjadala, hata shamba nililolima nililipata upande wa mama. Dorine angekuwa Mluguru mwenzetu, Agnes asingeomba, angekuja kuchukua mtoto na mimi ningemfungashia nguo! Nilijua vizuri. Lakini nilijiambia hapa ni Kanada. Nilijiambia mwanangu kabaki mjane, mtoto ndiye faraja yake. Ukweli ni kwamba faraja alikuwa yangu. Nchi hii ya baridi sikuwa na kitu kingine.

Mwezi wa tano nikawa nafanya usafi wa chumba cha mtoto. Nikamshusha yule kobe nimfute vumbi. Nikambonyeza tumboni… kuna kitu kigumu! Nikachukua mkasi, nikafumua uzi. Kikanidondokea mkononi kitu kikavu, cheusi, kimefungwa kwa majani makavu yenye harufu.

Nilizaa watoto watano, wanne nikawazika wadogo. Kitovu nakijua.

Kitovu cha mjukuu wangu, kimeibwa, kimeshonewa kwenye ngozi ya mnyama pamoja na dawa za majani, kimetundikwa juu ya kichwa cha mtoto! Na mama yake kafa kifo cha ghafla! Nyinyi mngewaza nini? Mimi niliwaza hilohilo mnalowaza.

Sikumsubiri Erasto arudi kutoka kazini. Nilikimbia kwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu niliyekuwa nasali naye kwenye kikundi cha maombi. Alipokiona alirudi nyuma mpaka akagonga friji.

"Mama Erasto, iyi kitu iko mubaya! Ni yenyewe ilimuua mama ya mutoto! Sasa inamutafuta mutoto!"

"Nifanye nini?"

"Tuichome. Leo leo. Haiwezi kulala mu nyumba."

Kwenye majengo haya huwezi kuchoma kitu, kengele ya moto italia na watu wote watashuka. Tukaenda kwenye bustani kando ya mto Humber, pale watu wanapochomea nyama wakati wa joto. Mama Furaha alibeba jiko lake la mkaa. Jua lilikuwa linawaka. Nuru nilikuwa nimekuja naye, yuko kwenye bembea. Tukaomba, tukakemea, nikamweka kobe juu ya mkaa kwa mkono wangu. Ngozi ikajikunja. Shanga zikawa zinapasuka moja moja, paa, paa.

Nuru akapaza sauti kutoka kwenye bembea. "Bibi, mnapika nini?"

Nikamwambia, mahindi.

Msimlaumu Mama Furaha. Alisema alichokijua. Kiberiti niliwasha mimi.

Jioni nikamweleza Erasto. Hakuamini uchawi, lakini alikuwa kama gogo tangu mkewe afe, anakula nikimwambia kula. Alisema tu, "Mama, fanya unavyoona." Neno hilo nililitumia miaka kumi na mitatu!

Agnes alipiga simu kuuliza lini mtoto anakwenda. Nikasema hapana, nikakata. Akapiga tena wiki iliyofuata. Nikipokea nasikia kile Kiswahili chake: "Mtoto? Nuru, mtoto?" Nami namjibu, hakuna. Hakuna! Alipiga mpaka nikamwambia Erasto abadilishe namba. Mwaka huohuo tukahamia Rexdale. Erasto aliona aibu akamtumia yule mama anwani mpya bila kuniambia, na Januari ikaja kadi ya siku ya kuzaliwa. Nikaichukua kwenye sanduku la barua kabla mtu hajaiona. Sikuifungua. Mwanamke mmoja wa jengo letu alinifundisha kuwa ukitaka barua irudi unaandika juu yake na kuitia tena posta. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, herufi kubwa za darasa la nne, kwamba hapa hakuna Nuru.

Kila Januari kadi ilikuja. Kila Januari niliirudisha.

Erasto hakutaka hata kulitaja jina la mkewe, kwa hiyo mtoto alipouliza habari za mama yake nilimjibu mimi kwamba alilelewa na Wazungu, hakuwa na ndugu. Nusu kweli. Nusu kweli ndiyo mbaya kuliko yote, maana haikusuti.

Nuru alipokuwa na miaka tisa Erasto alipata kazi za mafuta huko Alberta, akaenda, akaoa huko. Tukabaki wawili. Na huyo mtoto alikuwa anachora! Alianza kwenye maboksi ambayo baba yake alikuwa akileta kutoka ghalani, akaja kwenye makaratasi, akaja kwenye vitambaa na mbao. Sakafu ya chumba chake ilikuwa imejaa rangi, nagombana naye kila siku. Lakini nilichogombania hasa si uchafu.

Alikuwa anachora kobe. Kila mara kobe. Mgongo kaujaza vitone kwa vitone, bluu, nyekundu, nyeupe. Nilikuwa namwambia, chora maua basi, chora hata gari! Ananijibu kwa Kiingereza, "Sijui, Bibi, huyu ndiye anayekuja."

Yeye hakujua anachora nini. Mimi nilijua. Mnadhani nililala vizuri miaka ile?

Alipofika miaka kumi na tano mwalimu wake wa kuchora alimtazama usoni, akamwuliza watu wake ni akina nani, akampeleka kwenye kikundi cha vijana wa asili wanaojifunza uchoraji mjini. Kule akachanua. Akirudi ananihadithia, mistari myeusi inamaanisha nini, rangi zinatoka wapi, mzee anayewafundisha kasema nini. Kisha anasimama mbele yangu nikikatakata mboga.

"Bibi, mzee anasema uso wangu ni wa kaskazini. Mama alikuwa wa kule?"

"Mama yako alikulia Mississauga."

"Kabla ya hapo?"

"Nipe hicho kitunguu."

Alipokuwa na miaka kumi na saba kikundi kilifanya maonyesho. Nilivaa kitenge changu kipya nikaenda, kwa sababu nilijivunia mtoto wangu, hilo nalo ni kweli. Mchoro wake ulikuwa mkubwa kama mlango, umetundikwa peke yake ukutani. Kobe. Na safari hii, katikati ya mgongo, kamwekea msalaba wa njano.

Mwanamke mzee mwenye fimbo alikuja akasimama mbele ya mchoro ule. Alikuwa amekuja kutoka kaskazini kumtazama mjukuu wake wa kikundi hichohicho. Alisimama mpaka watu wakaanza kumpisha. Kisha akauliza kwa sauti ni nani kauchora, Nuru akasogea.

"Nani kakuonyesha huyu kobe?"

"Hakuna. Namkumbuka tu. Sijui nilimwona wapi."

Yule mama akamshika mtoto uso kwa mikono miwili. "Msalaba huo ni wa dada yangu. Hakuna mwingine anayeushona hivyo. Wewe ni mtoto wa Dorine."

Jina lake Roza, mdogo wake Agnes. Na Agnes alikuwa hai!

Nuru alinirukia mbele za watu, machozi yanamtoka. "Bibi! Nina bibi mwingine! Ulijua?" Nami, mbele ya Mungu na mbele ya yule kobe, nikasema… sikujua.

Siku ileile wakaongea kwa simu. Nilikaa jikoni nikingoja kusikia jina langu. Agnes alikuwa mgonjwa wa figo, sauti imeisha, ila hakunitaja. Alimwambia Nuru kwamba alikuwa anamngoja, basi, na kwamba mengine watayaongea wakionana. Wakapanga Nuru aende mwezi wa sita, akimaliza mitihani. Kila Jumapili walipigiana. Mtoto alikuwa anaimba bafuni. Nami kila simu ikilia nahisi ndiyo leo, leo yule mama anasema.

Sasa nafika mahali ambapo nikifika mkono unakataa.

Jumanne moja ya mwezi wa tano Nuru alikuwa shuleni. Simu yake ya mkononi ilikuwa kwa fundi, kwa hiyo alikuwa amempa Roza namba ya nyumbani. Ikalia. Roza akaongea polepole, kwa sababu alijua Kiingereza changu.

"Hali ya dada yangu ni mbaya. Mwambie Nuru asingoje mitihani. Aje wiki hii. Umenielewa, mama?"

Nikasema nimeelewa. Nikasema nitamwambia.

Nuru akarudi. Nikampakulia wali na kunde. Akala, akasimulia habari zake, akaosha sahani. Sikumwambia. Jumatano sikumwambia. Alhamisi akaniuliza mwenyewe, "Bibi, Roza hajapiga?"

"Hajapiga."

Kwa nini? Mnaniuliza kwa nini? Kwa sababu nilikaa chini nikapiga mahesabu ya shetani. Nilijiambia, yule mama akifa kabla hawajaonana, siri yangu inazikwa naye. Mtoto atabaki wangu. Nilimwombea mwenzangu kifo, mimi ninayeongoza nyimbo kanisani!

Maombi yangu yalijibiwa Ijumaa.

Jumamosi Nuru alikwenda kuchora na wenzake. Mjukuu wa Roza akamkumbatia mlangoni, akamwambia pole. Ndivyo alivyojua. Alirudi mbio, hakunisemesha, akatupa nguo kwenye begi akapanda basi la kaskazini na yule binti. Nilimwita kutoka dirishani. Ghorofa ya kumi na moja, nani atakusikia?

Alikaa huko wiki mbili. Hakupiga. Nilipopiga mimi, hakupokea.

Aliporudi ilikuwa saa tisa mchana. Kwangu hakuna aingiaye na viatu, hata mkuu wa jengo anavua. Nuru aliingia na viatu, akakaa mezani, akaweka boksi la bati mbele yangu, akalifungua. Zilikuwa kadi. Kumi na tatu, hazijafunguliwa, na juu ya kila moja yale maherufi yangu. Agnes alikuwa amezitunza zote.

"Huu ni mwandiko wako, Bibi?"

"Wangu."

"Na Jumanne Roza alipiga?"

"Alipiga."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga kofi! "Ulidhani anataka nini?"

"Nilidhani atakuchukua."

"Alitaka kuniona. Mara moja tu. Alikufa anatazama mlango, Bibi. Roza alimwambia niko njiani, kwa sababu wewe ulisema utaniambia."

Kisha akaniuliza juu ya kobe. Roza alikuwa amemweleza kwamba kwao bibi hukitunza kitovu cha mtoto mchanga, hukishonea nyumba ndogo ya shanga, hukiwekea majani matakatifu, humpa mtoto akae nacho. Wanaamini mtoto ambaye kitovu chake kimepotea huzurura maisha yake yote, anatafuta asichokijua. Dorine hakuwa nacho, maana alichukuliwa na chake kikapotea. Ndiyo maana Agnes aliomba cha Nuru, na Dorine akampa kwa furaha.

"Kiko wapi?" akauliza.

Ningeweza kusema kilipotea tulipohama. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini nilimtazama yule mtoto, nikachoka kusema uongo, nikachoka kabisa. Nikamwambia. Mkaa, Mama Furaha, bustani, yote.

Alilifunga boksi la bati. Kisha akasema, "Ulisema ni mahindi."

Alikumbuka! Alikuwa na miaka minne, na alikumbuka!

Akaingia chumbani, akafunga rangi zake na brashi zake, akatoka na begi. Nilimfuata kwenye korido. Mimi ambaye sijampigia mtu magoti tangu nilipomwomba daktari wa mume wangu, nilipiga magoti mbele ya lifti, nimemshika sketi, nalia kama aliyefiwa. Majirani wakafungua milango. Mama Furaha, aliyekuwa amehamia mlango wa tatu, akaja kunivuta. "Mama, simama, batu banaangalia!" Nikamwambia, waache waangalie!

Lifti ikafika. Nuru akaitoa sketi yake mikononi mwangu, taratibu, kidole kimoja kimoja, kama unavyomtoa mtoto mchanga kwenye nywele. Mlango ukajifunga.

Erasto alinipigia kutoka Alberta. "Mama, nilikuachia mtoto mmoja tu!" Nikamwuliza, na wewe ulikuwa wapi? Tukatupiana maneno ambayo hayafai kuandikwa. Sasa hatuongei. Yaani mwaka mmoja nimempoteza mwana na mjukuu!

Mwaka jana mwezi wa tisa nilipanda basi kwenda kaskazini. Sikumwomba mtu ruhusa. Kiuno kiliniuma njia nzima, miti na maji, miti na maji, nyumba hakuna. Roza alinipokea kituoni. Hakunikumbatia, lakini alinibebea mfuko.

Nuru anakaa nyumba ya Agnes. Alinifungulia mlango, akanipisha. Ukutani kote ni michoro, na safari hii si kobe. Ni watu. Roza anamtajia mmoja mmoja, naye anawachora. Agnes akiwa msichana, kanyolewa kichwa, kwenye shule ya bweni ya kanisa waliyopelekwa kwa nguvu. Wajomba kwenye mtumbwi. Dorine wa miaka miwili mapajani mwa mama yake, anakula beri, na mdomo umekuwa mwekundu. Nuru akaniambia hiyo ni kabla ya maofisa kuja, na kwamba picha ya siku hiyo haikuwapo, aliichora kwa maneno ya Roza.

Karibu na dirisha kulikuwa na mmoja mdogo. Agnes mzee, kasimama jikoni, mkono wa simu uko sikioni, mdomo umefunguka kama anaita. Sikuuliza anaongea na nani. Nikakaa chini palepale sakafuni.

Kesho yake Nuru alinipeleka kaburini. Kiingereza kilinikimbia, Kiswahili nacho. Nikaongea Kiluguru. Nilimweleza Agnes kila kitu, nikimwita mwenzangu. Nilimwambia serikali ilimnyang'anya mtoto mara ya kwanza, na mara ya pili ni mimi, mwanamke mwenzake, niliyekula mkate wake. Upepo ulikuwa mkali. Nuru alisimama mbali kidogo, mikono mifukoni. Nilipomaliza alinishika kiwiko nisianguke kwenye mawe. Kiwiko tu.

Basi la kurudi lilikuwa saa nane mchana. Alinibebea mfuko mpaka kwenye ngazi. Nilikuwa nimejiapiza nisiseme, lakini moyo wa bibi hauna adabu. Nikamshika mkono nikamwambia, "Nuru, mwanangu, twende nyumbani."

Huyu mtoto tangu aanze shule alikuwa ananijibu kwa Kiingereza. Siku ile alitafuta maneno, akayapata, akayasema kwa uzito, yanamkwama.

"Bibi, niko nyumbani."

Nikapanda basi.

Sasa nawaambia nyinyi, akina bibi wenzangu, mlioletwa nchi za watu kulea wajukuu, na hata mlioko huko nyumbani ambao wakwe zenu ni wa kabila msilolijua. Mkiona kitu msichokielewa, ulizeni! Mimi swali moja lingenitosha. Ningemwuliza Agnes, mama, hiki ni nini, na angenijibu, na tungecheka, kwa sababu na mimi kwetu kitovu nakitunza. Sikuuliza. Niliamini hofu yangu kuliko mtu aliyekaa nami siku nne mkono juu ya goti langu.

Msimfiche mtoto watu wake. Msiseme "nitamwambia akikua". Msiseme "ndugu za mama yake ni walevi, ni wachawi, ni maskini". Hata wakiwa hivyo ni wake, na atawatafuta hata kama hajui anachotafuta. Siku akiwapata atahesabu miaka, na atajua ni nani aliyekaa mlangoni.

Kama unayo namba ya bibi mwenzio, acha kusoma, mpigie sasa hivi. Mwambie mtoto yupo, mpe aongee naye. Mimi ya Agnes ninayo bado, nimeiandika ukutani kando ya simu. Nikiipiga anapokea Nuru, anasema haloo mara mbili, kisha tunasikilizana pumzi mpaka mmoja wetu akate.

Mara nyingi anayekata ni mimi.